Moyo wangu, mifupa ya dada yangu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, baada ya chakula cha mchana, dada yangu aliyekuja likizo kutoka Maskati alitoa bahasha mkobani akaiweka juu ya mkeka, nami nikaingia chumbani kuichukua yangu. Yake ilikuwa na majibu ya kipimo cha msongamano wa mifupa, na yangu ilikuwa na majibu ya moyo na presha niliyopewa Dar es Salaam wiki chache kabla. Tulizisoma kwa kupokezana, hakuna aliyesema neno, mpaka yeye akavua miwani na kuniambia: "Mdogo wangu, wewe moyo wako umetulia, na mimi sukari imeniondoka, lakini mifupa yangu imeandikwa humu kama ya Mama."

Sote wawili tulijua maana ya maneno hayo. Mama alianguka chooni nyumbani Wete akavunjika nyonga, na tangu asubuhi ile mpaka alipofariki hakuwahi tena kusimama bila ya kushikwa. Moyo wake ulikuwa mzima. Kilichomlaza ni mfupa mmoja ambao hakuna aliyewahi kuuulizia alipokuwa akipimwa presha na sukari miaka yote ile.

Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huko Omani mwaka 2016, akiwa na kilo 131 na kisukari ambacho vidonge vilikuwa havikiwezi tena. Mimi nilipata kiharusi chepesi miaka mitatu iliyopita, na tangu mwaka uliofuata nimekuwa nikichoma sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, mara moja kwa wiki, kila Alkhamisi usiku. Ninapokutana na jamaa sokoni Darajani huniuliza swali moja tu, kwamba kipi bora baina ya kisu na sindano, na wanapouliza hivyo huwa wanatizama kiuno changu. Mimi si daktari. Nilisomesha baiolojia ya sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwa ajili hiyo nimeweza kukaa na kusoma tafiti zenyewe kwa utaratibu. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningetaka dada yangu aambiwe kabla ya 2016, na ambayo mimi mwenyewe sikuambiwa siku niliyopewa sindano ya kwanza.

Nianze na moyo, kwa sababu ndio uliotupeleka sote hospitali. Kwa upande wa upasuaji, ushahidi wa muda mrefu kuliko wote umetoka Sweden, ambako mwaka 1987 watafiti walianza kuwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 wenye unene kama wao waliopata matibabu ya kawaida. Mwaka 2012 walionyesha kwamba mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba watu hao waliishi kwa wastani wa takriban miaka mitatu zaidi ya wenzao. Hilo ni jambo kubwa, ila msomaji anapaswa kujua mambo mawili kabla ya kulibeba. Kwanza, watu hawa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Waliopasuliwa walichagua wenyewe, na mtu anayechagua kupasuliwa huenda ana tofauti nyingine na asiyechagua. Pili, wengi wao walifanyiwa aina ya upasuaji ambayo leo haifanywi sana. Ndiyo maana mimi huupa uzito wangu pia utafiti mdogo wa Brazil uliochapishwa mwaka 2018, ambao uligawa wagonjwa 100 wa presha kwa bahati nasibu: baada ya mwaka mmoja, karibu watu 84 katika kila 100 waliopasuliwa waliweza kupunguza dawa zao za presha kwa asilimia 30 au zaidi na presha ikabaki imetulia, ilhali kwa waliotumia dawa peke yake walikuwa kama 13 tu.

Kwa upande wa sindano, utafiti mkubwa ulitolewa Novemba 2023. Watu 17,604 kutoka nchi 41, wote wa miaka 45 na kuendelea, wote wanene au wenye uzito uliozidi, wote walishapata maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu, na hakuna aliyekuwa na kisukari, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wakapewa semaglutaidi na nusu sindano isiyo na dawa ndani yake. Baada ya wastani wa karibu miezi 40, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kupata mshtuko wa moyo au kiharusi walikuwa 6.5 katika kila 100 kwa waliochomwa dawa, na 8 katika kila 100 kwa wengine. Magazeti yaliandika kwamba hatari imepungua kwa asilimia 20, na ni kweli, lakini mimi napenda kuihesabu namna nyingine: katika watu 100 kama mimi, mmoja au wawili waliepushwa na balaa hilo katika miaka mitatu na ushei. Si muujiza, wala si kidogo kwa mtu ambaye ameshawahi kuamka asubuhi akakuta mkono wa kulia haumtii.

Kuna jambo jengine katika utafiti huo ambalo limenikaa moyoni. Wanawake walikuwa kidogo tu zaidi ya robo ya washiriki, na watu weusi hawakufika watano katika kila mia. Sisemi kwamba kwa hiyo haunihusu, kwa kuwa mishipa ya damu ni mishipa ya damu. Nasema tu kwamba mwanamke wa Kizanzibari anapoambiwa "imethibitishwa", ana haki ya kujua imethibitishwa zaidi kwa nani.

Sasa mifupa, na hapa nitakawia.

Skuli niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mfupa si boriti. Boriti hukatwa, ikawekwa darini, ikabaki kama ilivyo mpaka mchwa wafike. Mfupa ni kitu hai, ambao kila siku una seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga upya, na kazi hizo mbili zikiwa sawa mfupa hubaki na nguvu zake. Kinachouambia mfupa ujijenge ni mzigo. Kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani, wanaotoka baharini na viroba vilivyolowa maji vichwani, huupa mfupa amri ya kujijenga kila wanapopiga hatua juu ya mchanga. Mwili mnene nao ni mzigo, kwa namna yake. Kwa hiyo mtu akipungua kilo 40, kwa njia yoyote ile, nyonga na miguu yake hupata habari kwamba kazi imepungua, na ujenzi hupungua. Tena anapopungua hapotezi mafuta peke yake. Hupoteza na misuli, ambayo ndiyo huvuta na kuuchangamsha mfupa. Na kwa mwanamke aliyekwishakoma hedhi, mafuta yenyewe yalikuwa yakitengeneza kiasi fulani cha homoni ya estrojeni ambayo hulinda mifupa, hivyo yakiondoka huondoka nayo.

Hayo matatu yanatupata sote, mimi na dada. Lakini yeye ana la nne, ambalo mimi sina.

Upasuaji wake ni ule wa kufupisha njia ya chakula. Tumbo hukatwa likabakishwa kifuko kidogo kama yai, kisha kifuko hicho huungwa na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mwembamba, ili chakula kiruke tumbo kubwa na kipande cha mwanzo cha utumbo. Ni kipande hicho kinachorukwa ambacho mwili hukitegemea sana kufyonza kalisiamu. Mwaka 2015 watafiti wa San Francisco waliwapima watu kabla ya upasuaji huu na miezi sita baada yake, huku wakihakikisha kwamba vitamini D yao iko sawa, na wakakuta kwamba kalisiamu iliyofyonzwa na utumbo ilishuka kutoka karibu asilimia 33 ya ile iliyoliwa hadi karibu asilimia 7. Nilipoisoma namba hiyo niliirudia mara mbili. Damu haikubali kupungukiwa na kalisiamu, kwa kuwa moyo na neva haziendi bila ya hiyo. Kwa hiyo tezi ndogo zilizoko shingoni hutoa homoni inayoiamuru mifupa iitoe akiba yake. Moyo unaendelea kupiga kwa kukopa mifupani. Ndiyo sababu wafuatiliaji wa Sweden walikuta kwamba waliofanyiwa upasuaji wa aina hii walivunjika mifupa zaidi kuliko waliofanyiwa aina nyingine.

Upasuaji wa aina ya pili, ambao siku hizi unafanywa sana, huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo likabaki mfano wa mrija, bila ya kuugusa utumbo. Mifupa hupungua huko pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa na kisha kutolewa, ambalo jamaa zetu wengi wamelifuata hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ni jambo mbali kabisa na haya, na asilichanganye mtu.

Na sindano je? Nilitamani kusoma kwamba haina doa, lakini sikukisoma hicho. Katika ule utafiti wa watu 17,604, maelezo rasmi ya dawa yanaonyesha kwamba wanawake waliovunjika nyonga au fupanyonga walikuwa 1 katika kila 100 kwa waliochomwa semaglutaidi, na 0.2 kwa wasiochomwa. Na kwa watu wa miaka 75 na zaidi walikuwa 2.4 dhidi ya 0.6. Idadi yenyewe ni ndogo, wanawake 24 dhidi ya 5, na haitoshi kumfanya mtu aitupe dawa. Hata hivyo mimi ni mwanamke, mtoto wa mama aliyevunjika nyonga, na mstari huo ungenifaa siku ya kwanza kuliko karatasi ya picha za matunda niliyopewa. Mwaka 2024 utafiti mwengine wa watu 64 waliokuwa tayari katika hatari ya kuvunjika ulionyesha kwamba baada ya wiki 52 za semaglutaidi ubomoaji wa mfupa ulikuwa umeongezeka, na msongamano wa mifupa umeshuka kwenye uti wa mgongo na nyonga.

Kilichonipa matumaini kimetoka Denmark. Watu 195 walipunguzwa kwanza uzito kwa chakula kidogo sana kwa wiki nane, kisha wakagawanywa mafungu manne kwa mwaka mzima: wengine mazoezi, wengine dawa ya liraglutaidi, ambayo ni ndugu wa semaglutaidi, wengine vyote viwili, na wengine bila ya chochote. Majibu ya mifupa yalitoka mwaka 2024. Waliotumia dawa peke yake walipungukiwa na madini ya mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Waliotumia dawa pamoja na mazoezi ndio waliopungua uzito zaidi ya wote, na mifupa yao ikabaki. Sindano ile ile, uzito mdogo zaidi, mfupa umesalimika. Tangu nilipousoma utafiti huo naamini kwamba anayeandikiwa sindano hii bila ya kuandikiwa mazoezi amepewa nusu ya dawa.

Kutembea Forodhani jioni ni kuzuri kwa moyo, na sikudharau. Vilevile hunifurahisha kuona kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba vinavyojitokeza kwa tamasha la kitaifa. Lakini mfupa unataka uzito, na unautaka wiki zote za mwaka. Mimi nina madumu mawili ya lita tano ambayo huyajaza maji na kuyanyanyua uani baada ya sala ya alfajiri, nakaa na kuinuka kwenye kigoda nikiwa nimeyashika, kisha hupanda ngazi za ghorofa yetu ya Michenzani mara tatu bila ya kushikilia ukuta. Nilianza na nusu lita. Daktari wangu wa moyo aliniruhusu kwa sharti la kwenda polepole na kutozuia pumzi, na mwenye presha ya juu asianze kabla ya kuuliza.

Jua nalo lina mazungumzo yake. Watu hustaajabu wakisikia kwamba mwanamke wa kisiwa hiki, nyuzi sita tu kusini ya ikweta, anaweza kupungukiwa na vitamini D. Lakini ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani ili kuitengeneza, na sisi tunapotoka tumejisitiri, na mchana wa kaskazi tunaukimbia. Sisemi haya ili mtu aache stara yake. Nyumba zetu zina nyua, na ua ni mahali pa mwanamke kukaa mikono wazi akachambua mchele bila ya kuonwa na mtu. Tumeziacha tu kwa sababu ya feni na televisheni.

Katika chakula, ninachokisisitiza ni dagaa. Dagaa huliwa na miiba yake, na humo mna kalisiamu na protini kwa pamoja. Mchicha tunaouamini sana una kalisiamu pia, lakini una asidi inayoishika hiyo kalisiamu isifyonzwe vizuri, kwa hiyo usihesabiwe peke yake. Na protini ndiyo inayotushinda sisi tunaoshiba upesi. Aliyepasuliwa huambiwa apate angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama sita. Mtu ambaye kifuko chake kimejaa kwa vijiko vinne vya wali wa nazi hana pahali pa kuweka samaki tena. Dada amejifunza kumla samaki kwanza, na wali baadaye ukibakia na nafasi.

Kosa lake, anavyolisimulia mwenyewe, ni kwamba aliacha vidonge vya kalisiamu baada ya miaka miwili kwa kuwa alijiona mzima. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji huu wa Marekani unataka miligramu 1,200 hadi 1,500 za kalisiamu kila siku, pamoja na yuniti 3,000 za vitamini D mpaka kipimo cha damu kifike kiwango kinachotakiwa, na hilo ni la maisha, si la msimu. Kalisiamu inayomfaa ni ya sitreti, kwa kuwa ile ya karboneti inahitaji asidi ya tumbo, na kifuko chake hakina asidi ya kutosha. Hainywewi yote kwa mara moja, na isikutane na kidonge cha madini ya chuma kwa muda wa saa mbili. Alipoanguka ngazini Maskati mwaka jana na kuvunjika kifundo cha mkono kwa mwanguko ambao mtoto angeinuka akacheka, ndipo alipopelekwa kupimwa.

Mimi nami nina wasiwasi wangu. Sindano hii nikiiacha, uzito utarudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha semaglutaidi walirejesha takriban theluthi mbili ya kilo walizokuwa wamepunguza, na nafuu nyingi ya presha na sukari ikarudi nyuma nazo. Kurudi kwa kilo hakumaanishi kwamba mfupa uliopungua utarudi. Kwa hiyo anayeanza, akaacha, akaanza tena kila anapopata fedha, huenda anauumiza mfupa wake mara nyingi na kuulinda moyo wake mara chache. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili wenye unene pamoja na maradhi ya moyo au figo, nami naomba siku moja orodha hiyo ionekane katika bei ya dukani. Kwa sasa wengi wananunua kalamu za kuchomea dawa hii zinazoletwa ndani ya mabegi ya safari. Juni 2024 shirika hilohilo lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia, na hata iliyo halali huhitaji kuwekwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, na baada ya kufunguliwa isivuke nyuzi joto 30. Kaskazi hii ya sasa, chumba kisicho na feni huvuka nyuzi hizo kabla ya adhuhuri.

Ukiniuliza basi kipi bora, jibu langu ni la kukuuliza wewe kipi ndani ya mwili wako kiko karibu zaidi na hatari. Mwenye kilo 130 na kisukari kisichoshikika, bado kijana, mifupa mizima, naona upasuaji una haki ya kufikiriwa, na nisingemzuia dada yangu hata leo; sukari ile ingemla figo na macho. Mwenye moyo uliokwishatetereka kama wangu, sindano ina ushahidi uliopimwa kwa mizani iliyo sawa zaidi. Mwanamke aliyekoma hedhi, mwembamba wa mifupa, ambaye mama yake au khaloo yake alivunjika nyonga, anayetaka tu kupunguza kilo nane kwa ajili ya harusi ya mtoto, huyo ningemsihi asiguse chochote katika hivi viwili kabla ya kuonana na daktari na kuulizia mifupa.

Ramadhani inaingia baada ya mwezi wa Shaabani, na dada ataifunga nasi hapa, kwa ruhusa ya daktari wake. Hawezi kunywa glasi mbili za maji kwa mpigo, wala kula futari ya watu wanne kwenye sinia moja, kwa hiyo jana tulikaa na kalamu tukaupanga usiku wake: kalisiamu ya kwanza baada ya futari, ya pili atakaporudi tarawehe, kidonge cha chuma saa mbili baada ya hapo pamoja na maji machache ya ndimu, na kalisiamu ya tatu kwenye daku, na baina yake maji ya kunywewa funda kwa funda. Karatasi nimeibandika kwenye mlango wa friji, juu ya kalamu zangu za Alkhamisi. Madumu yake mawili ya lita moja moja nimeyaweka uani, kando ya yangu.